Kutoka gobori hadi darubini: historia ya bunduki na kulenga shabaha hapa Kivu

BUKAVU, Kivu ya Kusini.

Tangu watu wengi wahame vijiji vyao kwa sababu ya vita, kuna swali ambalo linarudi mara kwa mara katika mazungumzo yetu. Watu wanaona bunduki zenye bomba fupi jeusi limefungwa juu yake, lenye vioo mbele na nyuma. Wanauliza: kile ni nini? Anayetazama ndani yake anatuona namna gani? Je, anaweza kujua kwamba mimi ni mkulima mwenye jembe begani, wala si mpiganaji? Ni swali la haki, kwa sababu mama anayeteremka shambani alfajiri anatembea mbele ya macho ya watu asiowaona.

Chombo kile ni darubini ya kulengea. Wengi hapa Bukavu wanaiita kwa Kifaransa, lunette. Ili kuelewa kazi yake, inafaa turudi nyuma, tuone bunduki iliingia vipi katika nchi hii, nani aliruhusiwa kuishika, na nani alikuwa mbele ya mtutu.

Njia ya Kiswahili ilikuwa pia njia ya baruti

Lugha tunayozungumza na bunduki tunazoziogopa zilikuja kwa njia moja. Katika miaka ya 1860, misafara ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka Zanzibar na pwani ilivuka Tanganyika, ikafika Manyema. Walikaa Nyangwe na Kasongo, wakatafuta pembe za ndovu na watumwa. Walileta Kiswahili, na ndani ya Kiswahili hicho yalikuwemo maneno bunduki, baruti na risasi, yote yenye asili ya mashariki. Risasi ni jina la madini yenyewe, yale mazito ya kuyeyusha. Sisi hapa tumezoea zaidi kusema masasi.

Bunduki za siku hizo zilikuwa magobori. Mtu alimimina baruti kupitia mdomo wa mtutu, akasukuma kitambaa na kipande cha risasi kwa fimbo ya chuma, kisha akafyatua. Ndani ya mtutu palikuwa laini kama bomba la maji, kwa hiyo risasi ilitoka ikiyumba. Kulenga mtu aliye mbali sana kulikuwa kubahatisha. Lakini mahali penye umati wa watu, gobori halikuhitaji kulengwa. Tarehe 15 Julai 1871, mzungu David Livingstone alikuwa Nyangwe siku ya soko. Watu wenye bunduki walianza kufyatua katikati ya akina mama waliokuja kuuza samaki na chakula. Wengi walipigwa, wengine walizama mtoni wakikimbia. Livingstone aliandika kwamba Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliongeza nguvu za waliotaka soko la watumwa la Zanzibar lifungwe.

Kwa hiyo raia aliyepigwa sokoni ni habari ya zamani katika nchi yetu. Ina zaidi ya miaka 150.

Nani aliruhusiwa kushika bunduki nzuri

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba wa Brussels. Mkataba ule ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kutoka digrii 20 kaskazini ya ikweta hadi digrii 22 kusini. Sababu iliyotajwa ilikuwa kuzuia biashara ya watumwa, na kweli biashara hiyo ilikuwa mbaya. Lakini tuone mlango ulioachwa wazi: bunduki za zamani za kuwashwa kwa jiwe, zisizo na mifuo ndani ya mtutu, ziliweza kuendelea kuingia kwa masharti. Bunduki zenye mifuo, zile zinazozungusha risasi ili iende moja kwa moja, zilibaki mikononi mwa serikali na watu wake.

Mifuo hiyo ndiyo siri ya kulenga. Ni mistari iliyochongwa ndani ya mtutu kwa kuzunguka kama ngazi ya mzunguko. Risasi ikipita humo inazunguka hewani kama pia ya watoto, na kitu kinachozunguka hakiyumbi upesi. Tangu hapo mtu mwenye bunduki ya serikali aliweza kumfikia mwenye gobori kabla hajafikiwa.

Katika Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II, jeshi la Force Publique lilipewa bunduki aina ya Albini, ya milimita 11, inayofyatua sasi moja moja na kutoa moshi mwingi. Ilikuwa bunduki ambayo jeshi la Ubelgiji lilianza kuitumia mwaka 1867. Kwa silaha hizo, na kwa kusaidiwa na wapiganaji wengi wa kienyeji, maofisa wa Leopold walichukua Nyangwe mwezi Machi 1893 na Kasongo mwezi Aprili, wakamaliza utawala wa Waarabu na Waswahili wa Manyema.

Masasi yenyewe yalihesabiwa. Katika maeneo ya mpira, hasa upande wa Équateur, askari walidaiwa waonyeshe kwamba kila sasi lilimwua mtu na halikupotea kwa kuwinda nyama. Ushahidi ulikuwa mkono wa kuume uliokatwa. Askari aliyetumia sasi kwa kuwinda alikata mkono wa mtu aliye hai ili hesabu itimie. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 iliueleza ulimwengu mambo hayo. Tunayakumbuka si kwa kufufua chuki, bali kwa sababu yanaonyesha jambo moja: sasi liliandikwa katika daftari, na mtu hakuandikwa.

Vita vya kwanza vya dunia vilifika hapa ziwani. Mwezi Septemba 1914 Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi. Askari wengi wa Force Publique walikuwa bado na Albini za moshi wakati adui zao wengine walikuwa na Mauser. Baadaye walipewa silaha mpya zaidi, na mwaka 1916 walivuka mpaka, wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba. Nyuma ya kila askari walitembea wapagazi wengi, wakibeba masanduku ya masasi vichwani. Wengi wao hawakurudi.

Baada ya hapo, chini ya Ubelgiji, Mwafrika aliyepata kibali aliachiwa zaidi bunduki ya kujazwa mdomoni. Wawindaji wa vijijini waliitunza, wakairekebisha, na mafundi wa chuma wakajifunza kutengeneza nyingine. Bunduki za kienyeji ambazo leo katika sehemu nyingi za Kongo zinaitwa poupou ni watoto wa historia hiyo.

Bunduki za wataalamu wa wanyama

Kulikuwa na wageni wengine waliokuja na bunduki nzuri: wakusanyaji wa wanyama kwa ajili ya majumba ya makumbusho. Mwaka 1902 ofisa Mjerumani Robert von Beringe aliwapiga sokwe wakubwa wawili, yaani ngagi au gorila, kwenye mlima Sabinyo. Mzoga mmoja ulipelekwa Berlin, na gorila wa milimani akapewa jina lake. Kisha Mwaustria Rudolf Grauer alikusanya gorila katika milima ya magharibi ya ziwa Tanganyika, upande wetu wa Kivu ya Kusini. Mwaka 1914 mtaalamu Paul Matschie akampa gorila huyo wa nchi za chini jina la Grauer. Ndiye gorila wa Kahuzi-Biega, jirani yetu. Babu zetu walimjua miaka mingi kabla ya hapo, lakini vitabu vya wazungu vilimwandika baada ya kupigwa risasi.

Mmoja wa wawindaji hao alibadili mawazo. Mwaka 1921 Mwamerika Carl Akeley aliwapiga gorila kwenye mlima Mikeno kwa ajili ya makumbusho ya New York. Baada ya hapo alimwomba mfalme Albert wa Ubelgiji awalinde waliobaki. Mwaka 1925 hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, ilianzishwa. Akeley mwenyewe alifariki huko huko mlimani mwaka 1926, akazikwa Kabara.

Sasi dogo la ishirini na mbili

Katika miaka hiyo hiyo ilienea duniani bunduki nyingine, nyepesi, isiyo ya vita: karabini ya 22. Sasi lake lina kipenyo cha karibu milimita 5.6, na risasi yake ina uzito wa karibu gramu 2.6. Fataki yake haiko katikati ya kitako cha ganda kama masasi makubwa. Imewekwa ndani ya ukingo wa kitako, na pini ikigonga ukingo huo baruti inawaka. Mfaransa Louis-Nicolas Flobert alianzisha wazo hilo mwaka 1845, na aina inayotumika zaidi leo, 22 Long Rifle, ilitoka Marekani mwaka 1887. Kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, kilianza kutengeneza karabini ya Browning ya 22 mwaka 1914. Ni bunduki ya mashambani, ya kufukuza mwewe na wanyama wadogo, na ya mashindano ya shabaha.

Kwa udogo wake watu huidharau. Wasiidharau. Risasi hiyo ndogo inaweza kwenda karibu kilomita moja na nusu, na huko mwisho bado inaweza kujeruhi.

Darubini ya kulengea ilianza Marekani katika karne ya 19. William Malcolm alianza kuzitengeneza mwaka 1855, na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani zilitumika kwa wapigaji wa mbali. Wakati huo bomba lake lilikuwa refu karibu kama mtutu. Baadaye likawa fupi na la bei nafuu, hata likafika kwenye karabini ndogo.

Darubini ya karabini ya 22 inachaguliwa tofauti na ya bunduki kubwa. Ya bunduki kubwa kwa kawaida hurekebishwa kiwandani kwa umbali wa mita 100 au zaidi. Ya 22 hurekebishwa kwa karibu mita 50, kwa sababu hapo ndipo kazi yake ilipo. Ukiikosea, msalaba wa kulengea unaonekana kuhamahama juu ya shabaha kila jicho linaposogea kidogo. Kukuza mara nne kunatosha kabisa; kioo kikubwa sana kinaongeza uzito tu.

Kuifunga nako kuna utaratibu. Karabini nyingi za 22 zina reli nyembamba ya milimita 11 iliyochongwa juu yake, na pete za kushikia bomba lazima zilingane na reli hiyo. Pete za reli pana ya bunduki kubwa hazishiki. Bunduki iwe tupu kwanza, chumba kimekaguliwa kwa jicho na kwa kidole. Bomba likae chini kadiri inavyowezekana bila kugusa mtutu, na kioo cha nyuma kiwe karibu sentimita 8 au 9 kutoka kwenye jicho. Msalaba usimame wima, kwani ukiinama, risasi itakwenda pembeni kadiri umbali unavyoongezeka. Skrubu zinakazwa kidogo kidogo kwa kupokezana, si moja mpaka mwisho kisha nyingine. Halafu fundi analaza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, anapiga masasi matatu au matano kwa mita 50, anatazama yalipoangukia, na kuzungusha vifundo vya darubini. Katika darubini nyingi kila mlio mmoja wa kifundo unasogeza pigo karibu milimita tatu na nusu kwa umbali huo.

Hata baada ya hayo yote, bunduki iliyorekebishwa kwa mita 50 itapiga chini kwa sentimita 15 au zaidi kwenye mita 100. Darubini haiondoi kuanguka kwa risasi. Inamwonyesha mtu vizuri zaidi mahali anapokosea.

Hatuandiki haya ili mtu akatafute bunduki. Sheria ya Kongo ya tarehe 3 Septemba 1985 inataka kibali kwa kila silaha, na sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inataka kibali cha kuwinda. Tunaandika ili mjue kwamba kulenga ni kazi ya mtu, na kosa ni la mtu.

Kahuzi: siku bunduki ilipoachwa nyuma

Msitu wa Kahuzi ulifanywa hifadhi mwaka 1937. Tarehe 30 Novemba 1970 ukawa mbuga ya taifa ya karibu kilomita za mraba 600, na mwaka 1975 ukapanuliwa hadi karibu 6,000. Mbelgiji Adrien Deschryver, pamoja na wafuatiliaji Batwa waliojua kila njia ya msitu, aliwazoesha gorila waonekane na watu. Walikwenda kwao polepole, siku baada ya siku, bila kuwapiga. Gorila dume Kasimir akajulikana ng'ambo kwa picha, wala si kwa ngozi yake iliyojazwa majani.

Lakini habari hii njema ina upande mchungu, na ni haki tuuseme. Batwa walioonyesha njia walitolewa katika msitu wa mababu zao bila ardhi nyingine ya kutosha. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyosema kwamba haki zao zilivunjwa. Kwa familia zilizohama leo, maneno kutolewa katika ardhi hayahitaji kufafanuliwa.

Katika mbuga hizi pia ndipo darubini ya kulengea ilipopata kazi ya kuponya. Gorila akinaswa na mtego wa waya, mganga wa wanyama hawezi kumshika kwa mikono. Anatumia bunduki ya sindano. Nyingi husukumwa kwa hewa au gesi iliyobanwa, na nyingine hutumia fataki tupu ya 22, ile ile ya karabini ndogo bila risasi. Waganga wa Gorilla Doctors, kazi iliyoanza mwaka 1986 upande wa Rwanda na ikafika Uganda na Kongo, wanatumia njia hiyo kutibu gorila. Sindano ni nzito na inakwenda polepole, kwa hiyo inaanguka upesi. Mganga lazima akadirie umbali sawasawa, aongeze au apunguze nguvu ya gesi, na alenge msuli mnene wa paja au wa bega. Akikosea, anavunja mfupa au anamkosa kabisa. Ni chombo kile kile cha vioo, lakini anayetazama ndani yake anataka mbele yake pabaki uhai.

Mji wetu mbele ya mtutu

Bukavu imeona vita vingi. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliushambulia, na Kanali Léonard Mulamba akaongoza ulinzi wa mji. Mwezi Agosti 1967 mamluki wa Jean Schramme waliuteka, wakakaa hadi mwanzo wa Novemba. Mwishoni mwa Oktoba 1996 mji ulianguka tena. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa tarehe 29 ya mwezi huo. Juni 2004 ulitekwa na wanajeshi wa Mutebutsi na Nkunda. Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia.

Msituni pia silaha za vita ziliingia. Gorila Maheshe, aliyejulikana na watalii wengi, aliuawa na majangili mwaka 1993. Mwaka 1997 Kahuzi-Biega iliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mwaka 2016 watafiti walikadiria kwamba gorila wa Grauer walibaki karibu 3,800, kutoka karibu 17,000 miaka ishirini hivi nyuma. Hesabu nyingine ya mwaka 2021 ilipata karibu 6,800, kwa kuwa sehemu nyingi zaidi zilifikiwa.

Anayetazama anaona nini?

Sasa tujibu swali. Darubini inayokuza mara nne inamfanya mtu aliye mita 400 aonekane kama yuko mita 100. Anayetazama anaona mwili, rangi ya nguo, na kama kuna mwanga mzuri, kitu kilichoshikwa. Lakini anaona kipande kidogo tu: kwa umbali wa mita 50, upana wa karibu mita tano. Mtoto aliye nyuma ya mama, nyumba iliyo pembeni, watu wanaotoka kanisani, vinaweza kuwa nje ya duara. Ukungu wa asubuhi wa milima yetu na mvua vinapunguza zaidi. Na hakuna kioo kinachoonyesha moyo wa mtu wala sababu ya kupita njia ile.

Kwa hiyo sheria ya vita haikuliacha jambo hili kwa kioo. Itifaki ya kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa juu ya Mikataba ya Geneva ya 1949, inasema kwamba kukiwa na shaka kama mtu ni raia au siyo, ahesabiwe kuwa raia. Jukumu hilo ni la mwenye kidole kwenye kifyatuo. Si la mama mwenye jembe.

Ya kushika nyumbani

Wazazi, waambieni watoto wasiokote masasi, hata yale madogo. Ganda la 22 ni dogo kama kipande cha kalamu, na sasi ambalo halijafyatuliwa linaweza kulipuka likigongwa kwa jiwe au kutupwa motoni. Mtoto akiliona asiliguse, aite mkubwa; mkubwa aweke alama, amjulishe kiongozi wa mtaa au wa kituo.

Na mtu mwenye bunduki ya kuwinda nyumbani, iwe ya kienyeji au ya kiwandani, aitunze ikiwa tupu, masasi mahali pengine, mbali na mikono ya watoto. Tangu Nyangwe hadi leo, wanaokufa wengi ni wale ambao hakuna aliyewalenga.